UZI: Mwanga kwa anayeanza kupiga picha huku Nyanda za Juu Kusini (soma kabla hujanunua kamera)

Mleta uzi (Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa walioko Iringa na Njombe, ugonile kwa ndugu zangu wa Tukuyu na Kyela.

Nashusha uzi huu kwa ajili ya vijana wanaoanza kupiga picha huku kwetu. Wengi wanaonifuata hapa Mbeya swali lao la kwanza ni wanunue kamera gani, la pili ni lenzi gani. Habari ya mwanga hawaulizi kabisa. Halafu ukiangalia picha zao unaona shida haiko kwenye kamera: bwana harusi macho yamekuwa mashimo mawili meusi, shela la bibi harusi limeungua kwa mwanga kuzidi, hata nakshi zake hazionekani, wasimamizi nusu wako juani na nusu kivulini. Hayo hayaponi kwa kubadilisha kifaa.

Hii ndiyo kazi inayonilisha: harusi, kipaimara, mahafali, picha za bidhaa za wajasiriamali. Ninachoomba mkishike ni hiki: kabla hujainua kamera, tafuta mwanga unatoka wapi, kisha mgeuze mtu wako. Kumgeuza mtu ni bure, na kunabadilisha picha kuliko lenzi yoyote.

Naanza na jua lenyewe, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na jua lao haliendi kama la kwetu.

Wanakwambia upige kwenye "saa ya dhahabu", ile saa nzima baada ya jua kuchomoza na saa nzima kabla halijazama. Huku kwetu hiyo saa nzima haipo. Mbeya iko karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapanda na kushuka karibu wima. Ule mwanga wa njano laini unakaa nusu saa, ukizidi sana dakika 40. Likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa bluu, halafu giza. Sasa mwezi Juni jua la Mbeya linazama kama saa 12:35 jioni. Ukiwaambia maharusi mkutane saa 12:00, wakachelewa kidogo kama ilivyo kawaida ya siku ile, umeshakosa. Waite saa 11:00, wakifika 11:30 bado uko salama.

Hapo sijaweka milima. Mji wetu uko bondeni, na sehemu nyingi jua linajificha nyuma ya mlima mapema kuliko saa inayoonyeshwa na programu ya simu. Matema kule ziwani ndiyo kabisa: safu ya Livingstone iko upande wa mashariki, asubuhi unakaa muda mrefu anga limeshakuwa jeupe na jua hulioni. Nenda eneo la kazi siku moja kabla, saa ileile utakayopiga, usimame uone.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: jua letu halifiki juu saa 6:00 kamili. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya 45 mashariki, na Mbeya iko kwenye ya 33 na nusu hivi. Matokeo yake, jua linakuwa juu kabisa kama saa 6:45 mchana, mwezi mmoja linawahi kidogo, mwingine linachelewa. Iringa iko mashariki zaidi, inatutangulia kwa dakika chache. Faida yake ni kwamba saa 3:00 asubuhi ya Mbeya jua bado liko chini kuliko saa 3:00 ya Dar. Tumieni hiyo. Picha za familia baada ya ibada ya kwanza, zile za saa 3:00, mara nyingi huwa nzuri kuliko za ibada ya pili, na watu ni walewale.

Mwezi wenyewe nao una maana. Juni, jua la adhuhuri halifiki utosini, linasimama upande wa kaskazini kama nyuzi 58 kutoka chini. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari ndipo linapita juu ya kichwa kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Siku hizo, kati ya saa 5:00 na saa 8:30 usimsimamishe mtu juani. Paji la uso linang'aa, macho yanazama, chini ya pua kunatokea kivuli kama sharubu.

Ukibanwa na mchana ufanye nini? Tafuta kivuli, ila simama nacho vizuri. Wengi wakisikia kivuli wanamwingiza mtu ndani kabisa ya baraza, mgongo ukutani, uso unabaki na giza la kijivu. Msogeze mpaka ukingoni, hatua moja kabla jua halijamgusa, uso wake utazame nje kwenye anga wazi. Anga lote lile linakuwa taa yako.

Utajuaje kwamba umepata? Mtazame machoni. Ndani ya mboni utaona alama ndogo nyeupe, na alama hiyo ndiyo picha ya mwanga wako. Ukiwa karibu na dirisha utaliona dirisha lenyewe mle, hadi na nondo zake. Ukiwa chini ya baraza utaona ukanda mweupe wa anga upande wa juu wa jicho. Usipoona kitu, macho yatatoka yamekufa, mgeuze tena. Mwambie asisogee mwili, azungushe kidevu pole pole kuelekea kwenye mwanga, na wewe uangalie mboni tu. Kuna mahali inawaka. Hapo ndipo unapiga.

Mwenye swali aulize, nitaendelea chini.

Mdau wa Mafinga

Mkuu, nondo. Naomba kuuliza. Nimeenda Mufindi mashamba ya chai kupiga picha za wachumba, nimefuata habari ya kivuli na asubuhi na kila kitu. Nyuso zimetoka na rangi ya kijani, hasa chini ya kidevu. Mteja anasema dada yake anaonekana mgonjwa. Ni kamera?

Mleta uzi

Si kamera kaka. Mwanga ukigonga kitu chenye rangi unaruka na rangi yake. Watu wako walikuwa katikati ya chai iliyowafika kiunoni, jua linapiga majani, majani yanawarudishia kijani usoni kutoka chini. Watoe kwenye mistari ya chai, wasimame kwenye njia ya udongo inayopita katikati ya shamba. Chai itabaki nyuma yao kama mandhari, na miguuni watakuwa na udongo mwekundu ambao unarudisha mwanga wa joto. Kwa ngozi zetu udongo mwekundu ni rafiki mkubwa, unajaza vivuli vya chini ya macho kwa rangi inayoendana na ngozi.

Hapohapo niseme kuhusu maturubai ya sherehe. Turubai la bluu likipigwa na jua, kila aliyekaa chini yake anakuwa wa bluu, na jekundu hivyohivyo. Sasa ukirekebisha rangi kwenye kompyuta mpaka sura ikae sawa, nguo nyeupe ya jirani aliyekaa ukingoni inaharibika, kwa sababu yeye anapata mwanga wa aina mbili. Kama kamati inakusikiliza, waombe turubai jeupe angalau pale meza kuu. Wakikataa, picha za muhimu zitoe nje ya turubai.

Mama muuza viazi wa pale Uyole mwenye mwavuli mwekundu ni hadithi hiyohiyo. Mwombe avute kigoda mbele kidogo tu, uso utoke kwenye rangi ya mwavuli lakini usifike juani.

Mdau wa Tukuyu

Mleta uzi unaongelea jua, sisi wa Tukuyu jua tunalisikia redioni. Mvua, mawingu, ukungu. Picha zangu zote zinatoka zimepauka kama zimefuliwa. Bora hilo jua kali.

Mleta uzi

Ndugu yangu, wapiga picha wa studio wanatumia hela nyingi kununua kitambaa cha kuweka mbele ya taa ili wapate mwanga ulio nao wewe bure.

Sababu ni hii. Ukali wa kivuli unategemea ukubwa wa chanzo cha mwanga kikionekana kutoka pale alipo mtu. Jua ni kubwa kupita maelezo, ila liko mbali sana, angani linaonekana kama duara la nusu nyuzi tu. Chanzo kidogo namna hiyo kinatoa kivuli chenye ukingo kama umekatwa na kisu. Wingu likilifunika, wingu ndilo linakuwa taa, na taa hiyo imetanda anga zima. Vivuli vinayeyuka, ngozi inakuwa laini, mtu hakunji uso. Kwa picha za watu, kwangu hakuna siku nzuri kama siku ya mawingu membamba.

Kupauka kwako nadhani kunatokana na mambo mawili. La kwanza ni anga. Siku ya mawingu anga ni jeupe na linang'aa kuliko kila kitu, ukiliingiza nusu ya picha linavuta macho yote na kamera inalifuata, mtu anabaki na giza. Likate. Panda juu kidogo umpige ukitazama chini, au umweke mbele ya migomba, ukuta wa matofali, mlango wa mbao. La pili ni kwamba mwanga unatoka juu pande zote, kwa hiyo uso unakosa umbo. Tengeneza upande wewe mwenyewe: mweke chini ya baraza au mlangoni, paa lizibe mwanga wa juu, ubaki ule wa mbele au wa ubavuni. Utaona shavu moja linapata mwanga na lingine linashuka taratibu kuelekea gizani. Uso umepata umbo hapo.

Na ukungu usiukimbie. Mtu mwenye kitenge chenye rangi nzito akisimama kwenye ukungu, vitu vya nyuma vinafifia vyenyewe kadiri vinavyokuwa mbali. Unachotakiwa ni kusogea karibu naye, maana hata yeye ukungu utamfifisha ukiwa mbali.

Mdau wa Iringa

Naheshimu uzi huu lakini hapa tubishane kidogo. Mnavyoongea kijana atadhani jua kali ni dhambi. Mimi napiga mitaani Iringa, miamba, majengo ya zamani, watu sokoni. Picha zangu bora nyingi ni za jua kali na vivuli vyeusi. Panda Gangilonga saa 10:00 jioni uone ule mwamba. Mwanga laini ungeufanya uwe kama gunia.

Mleta uzi

Uko sahihi, na nakushukuru kwa kulileta. Niliongelea nyuso kwa sababu ndizo zinazowasumbua wengi. Kwa kitu chenye umbo na mikwaruzo, mwanga mkali wa ubavuni ndiyo wenyewe. Nguzo za udongo za Isimila ni mfano mzuri kuliko wote tulio nao. Ukifika jua likiwa juu, nguzo zile zinaonekana bapa, rangi moja. Rudi jua likiwa chini linapiga kutoka pembeni, kila mfereji uliochimbwa na maji unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, ndipo unaona urefu wake. Vivyo hivyo na mikono ya mzee, kikapu, ukuta wa tope, sura ya mkulima ambaye unataka mikunjo yake ionekane.

Ila tofautisha kitu kimoja: jua lako la saa 10:00 linatoka ubavuni. Ukali na upande ni mambo mawili. Mwanga mkali wa ubavuni una kazi nyingi. Mkali wa utosini, kwa sura ya mtu, kazi yake ni ndogo sana.

Na kwenye jua kali lazima uchague utapoteza nini. Kamera haiwezi kubeba kilichoko juani na kilichoko kivulini kwa pamoja kama jicho lako. Elekeza kamera ipime mwanga kwenye sehemu ya juani, acha vivuli viwe vyeusi. Ukifanya kinyume, sehemu ya juani inaungua, na iliyoungua hairudi hata uwe fundi wa kuhariri namna gani.

Mdau wa Makambako

Shikamoo mkuu. Mimi ni binti ndiyo kwanza naanza, nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50. Nimepewa kazi ya send-off ya dada yetu. Yeye ni mweusi hasa, na nguo ni nyeupe. Nikijaribu nyumbani uso ukitokea vizuri gauni linaungua, gauni likitokea vizuri uso haupo. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo ningependa kila anayeanza alielewe, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kamera haijui kama mbele yake kuna dada au gauni. Inachojua ni kwamba kila inachokiona, kwa wastani, kinapaswa kuwa cha kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukimpiga dada yako uso tu, ngozi nyeusi imejaa kwenye fremu, kamera inasema "hapa kuna giza" na kuongeza mwanga. Anatoka amepauka, kama amepakwa majivu. Ukimpiga mwili mzima gauni limejaa, kamera inasema "hapa kuna mwanga mwingi" na kupunguza. Gauni linakuwa la kijivu na uso unapotea. Kosa ni lilelile, limegeuka tu.

Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua. Kuna kitufe chenye alama ya jumlisha na kutoa. Uso ukijaa fremu, punguza kidogo, theluthi mbili ya hatua hivi (hatua moja ni kuufanya mwanga uwe mara mbili au nusu yake). Gauni likijaa, ongeza karibu hatua moja, huku ukiangalia onyo la kuungua kwenye kioo, yale maeneo yanayopepesa meusi na meupe. Gauni likianza kupepesa, rudi nyuma kidogo. Na piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, utakuwa na nafasi ya kuinua uso baadaye.

Lakini dawa yenyewe ni kupunguza tofauti ya mwangaza kati ya gauni na uso. Mweke kwenye kivuli cha wazi, uso uelekee kwenye anga. Halafu chukua kitu cheupe kikubwa, karatasi mbili za manila zilizogundishwa kwenye boksi, au kipande cha jipsamu kilichobaki kwa fundi dari, mtu akishike usawa wa kifua chake upande wenye giza, kimeinama kidogo kuelekea usoni. Angalia shavu wakati anakisogeza. Utaona linapanda lenyewe, gauni halibadiliki sana. Kisogezwe karibu mpaka kinakaribia kuingia kwenye picha, kwa sababu kikiwa mbali hakifanyi kitu.

Ngozi nyeusi ina uzuri ambao mwanga bapa wa mbele unauua. Umbo lake linaonekana kwenye ule mng'ao laini wa kwenye shavu, paji, mfupa wa pua. Mwanga mkubwa wa ubavuni, kama wa dirisha au mlango, unauchora mng'ao huo mrefu na laini. Flashi ya moja kwa moja inaufanya madoa meupe, na mafuta ya kujipaka yanazidisha. Beba tishu, mpanguse pua na paji pole pole kabla hujapiga. Usimfanye mweupe kwenye kompyuta. Dada ni mweusi, atoke mweusi anayewaka.

Tusijilaumu sana kwamba jambo hili ni gumu. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilitengenezwa zikilenga ngozi nyeupe. Kodak walikuwa wakipeleka maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane kwenye matangazo, yalichangia filamu kurekebishwa. Na bado kuna Waafrika waliozitawala kamera zao bila kusubiri hayo. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa jua, kitambaa nyuma ya mteja, kwa filamu nyeusi na nyeupe. Zitafute uone ngozi zilivyotoka.

Mdau wa Makambako

Asante sana mkuu, Mungu akubariki. Ukumbini usiku je? Kuna taa za LED za rangi na dari ni refu.

Mleta uzi

Ukumbini kwanza ujue shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie. Umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde utapata mistari ya giza imekatiza picha. Shuka 1/100, ikikataa 1/50. Kwa lenzi yako ya 50, chini ya 1/50 mkono utatikisa picha, kwa hiyo usishuke zaidi bila kuegemea kitu. Fungua tundu la lenzi, f/2 au f/2.8 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), kisha ISO, ile namba ya kamera kuongeza mwangaza wa picha, ipande mpaka inapotakiwa. Chengachenga kidogo zinavumilika. Picha iliyotikisika haivumiliki.

Flashi, kama unayo, igeuze kichwa iangalie dari jeupe au ukuta mweupe wa pembeni, ule ukuta ndio unakuwa taa kubwa. Dari likiwa refu au la mbao nyeusi, mwanga unapotea huko juu, hapo tumia ukuta. Ukuta wa pinki utakupa maharusi wa pinki, kwa hiyo chagua.

Na umbali uuheshimu. Kwa taa ndogo kama flashi, umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ndiyo sababu kwenye picha za makundi walio mbele wanaungua na wa nyuma wako gizani. Wapange kwa mstari mpana badala ya mistari mingi, na wewe rudi nyuma, tofauti kati ya wa mbele na wa nyuma itapungua.

Taa za rangi za MC ziombe zizimwe wakati wa keki na pete. Ongea naye mapema, kabla sherehe haijaanza. Ma-MC wengi wanaelewa ukiwafuata kwa heshima.

Mdau wa Mbeya mjini

Tunaotumia simu tumeachwa. Na pia, mbona kila nikipiga Loleza kutoka mjini mlima unatoka kama kivuli cha bluu tu? Nimejaribu mchana wa Juni, anga safi kabisa.

Mleta uzi

Simu kwanza. Gusa uso kwenye kioo, kishikilie mpaka kijifunge, halafu buruta kale ka alama ka jua kushuka chini kidogo. Simu karibu zote zinapenda kuangaza kupita kiasi. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole inatandaza mwanga na kufanya picha ionekane ina moshi. Flashi ya simu sahau. Yaliyobaki yote ya mtu, dirisha, kivuli na kumgeuza ni yaleyale.

Loleza sasa. Mlima uko kaskazini mwa mji. Juni jua nalo liko kaskazini mchana, kwa hiyo liko nyuma ya mlima kwa upande wako, na uso unaoutazama unapata mwanga kidogo tu. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri linahamia kusini, na hata likichomoza na kuzama linakuwa limeelekea kusini. Uso wa mlima unaoangalia mji unapata mwanga. Ni masika ya huku, mawingu mengi, lakini mvua ikikatika saa 11:00 jioni hewa imeoshwa, na jua likipenya chini ya wingu linaupiga mlima kutoka ubavuni. Ukitaka Juni hiyohiyo, piga alfajiri kabisa au baada ya jua kuzama, uuchukue kama umbo dhidi ya anga. Watu wa Tukuyu na mlima Rungwe mna hali ileile, nao uko kaskazini mwenu.

Agosti hadi Oktoba kuna moshi wa mashamba na vumbi. Mandhari ya mbali hayatoki, lakini jua lenyewe likizama linakuwa jekundu na unaweza kuliweka kwenye picha.

Kwa wanaopanda Kitulo msimu wa maua, Desemba hadi Aprili: kaa upande ambao ua liko kati yako na jua, piga chini usawa wa ua. Petali zinapitisha mwanga, zinawaka kwa ndani, mishipa yote unaiona. Kule ni juu, karibu mita 2,600, ni baridi. Ukirudi nyumba yenye moto acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itajaa mvuke.

Mdau wa Njombe

Mkuu mimi nauza asali na parachichi mtandaoni. Nimefuata habari ya dirisha, nimezima taa, nimeweka meza karibu. Parachichi zimetoka safi hadi vinundu vya ganda vinaonekana. Chupa ya asali ndiyo shida, dirisha lote limejichora kwenye kioo cha chupa na asali ni nyeusi.

Mleta uzi

Hongera, umefanya vizuri kuzima taa. Ile taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje inakupa rangi mbili kwenye meza moja.

Kwa asali badilisha kitu kimoja. Parachichi halipitishi mwanga, ndiyo maana linapenda dirisha la ubavuni. Asali inapitisha, kwa hiyo dirisha liwe nyuma yake. Zungusha meza, chupa iwe kati yako na dirisha. Tundika shuka jeupe dirishani ili nje pasionekane na lile umbo la fremu lipotee. Nyuma ya chupa, pale isipoonekana kutoka kwenye kamera, egemeza kipande cha karatasi nyeupe kilichokatwa kidogo kuliko chupa yenyewe, kimeinama kukamata mwanga na kuurusha ndani ya asali. Mbele weka ile manila ili lebo isomeke. Kisha pima mwanga kwenye asali, usipime kwenye shuka. Ukiona kingo za chupa zinapotea kwenye weupe wa shuka, simamisha vipande viwili vya boksi vilivyopakwa rangi nyeusi, kimoja kila upande wa chupa, nje kidogo ya picha. Kioo kitapata mstari mweusi mwembamba kila upande.

Ukimaliza weka picha hapa tuione.